Hobi Hapewi Nguo

Enzi zetu pale Kyebando, hata mizuka tulikuwa tunaletewa kutoka Uingereza. Msicheke. Nyinyi mliokua pamoja nasi Kampala, miaka ile baada ya vita vya themanini na sita, mnajua kwamba karibu kila kitu kilitufikia kikiwa kimeshatumiwa na watu wengine. Mashati ya mivumba, yaani mitumba, kutoka soko la Owino yalikuwa na majina ya watoto wa Kizungu yaliyoshonwa kwenye kola, viatu vilikuja vimeliwa upande mmoja, na vitabu vya shule vilijaa picha za theluji. Basi na mizuka nayo ilikuja hivyo hivyo. Ilikuwa imeshawatisha watoto wa Uingereza vya kutosha, sasa ikawa zamu yetu.

Aliyetuletea alikuwa Bibi Doroti, Mwingereza mzee aliyekuwa mwalimu, aliyeishi kwenye nyumba ya vigae juu kidogo ya nyumba zetu za kupanga. Watoto wa Kiganda walimwita Jajja, sisi watoto wa Wakenya tukamwita Bibi, na yeye aliitikia yote mawili. Vita vilimpitia akiwa ndani ya nyumba ile ile, na watu walipomwuliza kwa nini hakurudi kwao alijibu kwamba paka wake hapendi kusafiri. Kiswahili alijifunza Mombasa alipokuwa msichana, na kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sote. Sisi tulisema "hii mtoto" na "ile kiti" bila haya. Yeye alikuwa radhi kuikatiza hadithi ya mzuka katikati, mzuka ukiwa umefika mlangoni, ili aturekebishe kwanza.

Jumamosi alasiri, tukishamaliza kufua, tulipanda kwake: mimi Nasimiyu, mdogo wangu Wafula, na Apio, binti wa polisi tuliyepakana naye ukuta. Tuliacha mchezo wa kwepena, tuliacha hata kuokota maganda ya risasi kule bondeni, na enzi hizo maganda ya risasi yalikuwa utajiri. Tuliketi kwenye ngazi za nyuma. Bibi Doroti alitupa chai ya maziwa na biskuti ambazo usipozichovya zinakuvunja jino, akamweka paka mapajani, akaanza.

Mama alikuwa na wasiwasi kidogo na jambo hilo. Kwao Bungoma, mtoto hasimuliwi hadithi jua likiwa linawaka; akisimuliwa, anabaki mfupi. Lakini hakutaka tuwe nje gizani, na Bibi Doroti hakutaka kuacha, kwa hiyo Mama alikaa akalipima jambo lile, akaamua kwamba hizo ni hadithi za Kizungu na mwiko wetu hauzijui. Hata hivyo alikuwa akitusimamisha kwenye mwimo wa mlango mara kwa mara kuhakikisha kwamba tunarefuka.

Basi tukasikia habari za mbwa mweusi mkubwa kama ndama, anayetembea kando yako kwenye njia ya mashambani bila kishindo cha miguu. Tukasikia habari za mwanamke mweupe anayekaa kisimani akiuliza saa. Kulikuwa na vijitaa vya kinamasi, vinavyomwita msafiri "njoo, njoo" mpaka tope limfike kidevuni, na njia ya vilimani walikopitishia majeneza kwenda kanisani, ambayo marehemu wenyewe walikuwa wakiirudia kwa miguu wakitafuta kitu walichosahau nyumbani. Sisi tulivihamisha vyote. Vijitaa tukavipeleka kwenye mafunjo ya bonde letu, mwanamke mweupe tukampa chemchemi yetu, na mbwa mweusi tukamkabidhi njia ya kwenda shule, upande wa Apio kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na mbio.

Si kwamba Kampala ilikosa vitisho vyake. Walikuwapo basezi, wale wanaosemekana kucheza uchi na kufukua makaburi, na Mama alikuja na wachawi wake wa kukimbia usiku kutoka Bungoma. Lakini hao tuliwaogopa kwelikweli, maana huenda ukagundua kwamba ni jirani anayekuuzia mafuta ya taa. Mizuka ya Uingereza ilikuwa na adabu. Haikula mtu. Ilipita tu kando ya ua ikisikitika, nawe ukabaki na hofu tamu ya kumalizia biskuti.

Aliyetukaa moyoni, hata hivyo, hakuwa wa kutisha hata kidogo. Huko alikozaliwa Bibi Doroti, kaskazini mwa Uingereza, penye vilima vya mawe na kondoo wengi kuliko watu, kila shamba lenye bahati lilikuwa na hobi wake. Hobi ni kijitu kifupi, alisema, chenye nywele nyingi na matambara mwilini, kinachoishi nyuma ya jiko au zizini. Watu wakilala, hobi anaamka. Anapura ngano, anapasua kuni, anafagia, anamtuliza ng'ombe mwenye kiwewe. Hataki mshahara. Anachotaka ni bakuli la uji wa maziwa liachwe mahali pake, na asitazamwe akinywa. Na sharti jingine moja, ambalo Bibi Doroti alilisema akiwa ameinua kidole: hobi hapewi nguo. Hata umwonee huruma namna gani. Siku utakayomwekea shati jipya, atalivaa, atacheka, atacheza kidogo uani, kisha atakwenda zake na hutamwona tena.

"Yeye nakwenda wapi?" Apio aliuliza.

"Anakwenda," Bibi Doroti alimrekebisha kwanza. Kisha akajibu, "Hakuna ajuaye."

Tulishuka siku hiyo na sharti lile kichwani. Wafula alisema akipata hobi hatampa hata soksi.

Sasa niwaambie habari za nyumbani. Mama alikuwa na hoteli. Tuliita hoteli, lakini kilikuwa kibanda cha mbao na mabati mbele ya chumba chetu, chenye meza mbili na benchi, na chai, chapati na maharagwe kwa vibarua, mapolisi na Wakenya wenzetu waliofanya kazi kwenye gereji. Baba alikuwa dereva wa lori, Malaba na Kampala, Kampala na Malaba, tukimwona mara mojamoja akiwa amelala. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya Mama: moto, unga, na hasa maji. Chemchemi ilikuwa chini kabisa bondeni, foleni ndefu, na kupanda na jerikeni iliyojaa ni kitu ambacho shingo yangu inakikumbuka mpaka leo. Mama aliamka kabla ya jogoo na bado akachelewa.

Halafu asubuhi moja, msimu wa mvua, alifungua mlango wa nyuma akakuta majerikeni yote yamejaa na kupangwa. Kuni zilikuwa zimepasuliwa. Uwanja ulikuwa umefagiliwa kwa mistari iliyonyooka kama ya daftari. Mama alisimama na leso yake kifuani akauliza, "Nani?" Kesho yake ikawa vilevile. Mama si mtu wa kusumbuka na mambo yasiyomdhuru. Jioni ile alijaza uji kwenye kikombe kikubwa cha bati, akakifunika kwa sahani, akakiacha kwenye kizingiti cha nyuma. Asubuhi tulikuta uji umenywewa na kikombe kimeoshwa.

Mimi na Wafula tulitazamana. "Hobi," Wafula akanong'ona, na uji wake mwenyewe ukampalia.

Swali lilikuwa amefikaje Uganda. Wafula alishikilia kwamba alikuja ndani ya bunda la mivumba. Apio akamwuliza, kama hobi hapewi nguo, amesafirije ndani ya nguo? Wafula hakubadilisha msimamo wake, na mpaka leo ndivyo alivyo.

Apio ndiye aliyemwona. Aliamka mapema siku moja kumwashia mama yake moto, akamwona akipanda kutoka bondeni na jerikeni kila mkono: mtu mrefu, mwembamba, ndevu hazijachanwa, sweta ya kijani ya jeshi imetoboka viwikoni, suruali ambayo mguu mmoja uliishia gotini. Mama Apio alimjua, kwa sababu walitoka upande mmoja wa kaskazini na kuongea lugha moja. Aliitwa Okot. Alikuwa askari wa serikali iliyoanguka, akatoka vitani salama lakini bila kitu, na sasa alikuwa akilala kwenye baraza ya duka lililofungwa. Mama Apio alisema tusimwogope.

Mtadhani tulivunjika moyo. Hata! Wafula alilitatua palepale. "Hobi wa hapa ni mrefu," alisema. "Hapa si Uingereza." Na kwa kweli mengine yote yalilingana, kuanzia matambara mpaka uji.

Polepole Okot akazoea kuonekana mchana. Aliongea kidogo, kwa Kiswahili kile cha kambini, na alipoongea alimtazama mtu kifuani. Alimtengenezea Wafula gari la waya lenye magurudumu ya ndara, na usukani mrefu wa kushika ukiwa umesimama. "Wewe dereva," alimwambia, "mimi taniboi." Basi mtu mzima yule alikuwa akikimbia kama utingo nyuma ya gari la waya kuzunguka hoteli, akipiga mluzi wa kusimamisha. Mimi alinifanyia jambo ambalo hakuna gari linalolishinda. Kule chemchemini wavulana wakubwa walikuwa na tabia ya kuwasukuma wasichana wadogo nyuma ya foleni. Okot alianza kusimama nyuma yangu na jerikeni yake. Hakusema lolote, hakumgusa mtu. Alisimama tu, na nafasi yangu ikabaki yangu.

Nilimwuliza Mama kwa nini hamwajiri rasmi. Mama akasema, "Mtu akija na mikono yake mwenyewe, usimwulize anatoka wapi. Mpe uji." Wala hakumshukuru kwa sauti. Hilo nalo Bibi Doroti alikuwa amelisema: hobi hashukuriwi. Tuliona Mama anajua kazi.

Kisha Desemba ikafika, na Mama akaenda Owino kutafuta nguo za Krismasi. Nyinyi mnaikumbuka Krismasi ya enzi zile. Nguo ilikuwa moja kwa mwaka, na hukuruhusiwa kuijaribu mpaka siku yenyewe, kwa hiyo ulikwenda kanisani huku umeshikilia kiuno. Mama alirudi na furushi. Ndani yake mlikuwa na gauni langu lenye utepe mgongoni, kaptura ya Wafula, na chini kabisa suruali ya kaki, shati la mistari ya buluu, na sweta nene isiyo na tundu hata moja. Tulidhani ni za Baba. Lakini Baba alikuwa mfupi na ana kitambi, na suruali ile ilikuwa ndefu kama mlingoti.

"Za Okot," Mama alisema. "Hawezi kukaa vile Krismasi na watu wanakula."

Wafula aliangua kilio. Si cha kudeka; kilio cha msiba. "Mama, usimpe! Ataenda!"

"Ataenda wapi?"

"Hakuna ajuaye!"

Ilinibidi nieleze mimi. Nilieleza habari zote za hobi, uji, kuni, sharti. Mama alisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka mpaka akaketi juu ya gunia la unga. "Yaani mmemgeuza mtu wa watu jini la Wazungu? Ngoja baba yenu aje asikie!" Alijifuta machozi kwa leso. Lakini sisi hatukucheka. Nilisema kilichokuwa moyoni: kama Okot akienda, nani atasimama nyuma yangu kule chemchemini?

Mama akaacha kucheka. Alizifungia zile nguo kwenye sanduku la bati, akarudi kwenye chapati zake. Hakusema atazitoa wala hatazitoa. Wafula akapanda juu ya sanduku akakataa kushuka. Chakula cha mchana alikila hapohapo.

Mimi nilikimbia kwa Bibi Doroti. Nilimwambia yeye ndiye mwenye hobi, yeye ndiye ashuke akamkataze Mama. Alinisikiliza, akaanza kutabasamu, halafu tabasamu likaisha. Akamweka paka chini, akachukua fimbo yake, akashuka nami mpaka hotelini, jambo ambalo hakuwa akilifanya mara nyingi kwa sababu ya magoti. Mama akamfutia benchi na kumpa chai.

"Mama Nasimiyu," Bibi Doroti alisema, "nimetumwa nikukataze."

"Nikataze basi, Bibi," Mama akasema huku akisukuma chapati.

Bibi Doroti alikunywa chai kwanza. "Shamba la jirani yetu lilikuwa na hobi. Ndivyo walivyosema. Walijua sharti, kwa hiyo hawakumpa nguo, mwaka nenda mwaka rudi, na waliwaambia watu kwamba ni kwa sababu wanampenda. Mimi nilikuwa mdogo kama hawa. Niliwahurumia wale wakulima, jinsi walivyoogopa kumpoteza. Siku moja nyanya yangu akaniambia: wewe, wale ni wachoyo tu. Huko kwetu kuna baridi ya kuua kondoo, nao walijua hana nguo."

Nilihisi nimesalitiwa. "Mbona hukutusimulia hiyo sehemu?"

"Inaharibu hadithi," akasema Bibi Doroti.

Mama aliigeuza chapati. "Mtu hafungwi kwa matambara," alisema, na hakuwa akiongea na Bibi Doroti. "Akitaka kukaa, atakaa amevaa. Akitaka kwenda, aende amevaa." Wafula, juu ya sanduku, alisikia hukumu yake. Akashuka mwenyewe.

Asubuhi ya Krismasi Mama alimpa Okot furushi palepale kizingitini, kwa mikono miwili. Okot alilishika muda mrefu bila kulifungua.

"Mama, hii ni ya mimi?"

"Ni yako. Kaoge, tunachelewa kanisani."

Aliporudi hatukumtambua. Alikuwa amenyoa ndevu. Tulikuwa tukimwona mzee siku zote, kumbe hakumzidi Baba umri hata kidogo. Alikwenda nasi kanisani akaketi benchi la mwisho, na mchana akaingia ndani, akala mezani kuku na chapati, kwa mara ya kwanza bila kugeukia ukuta. Baadaye Mama Apio akaanzisha wimbo wa kwao na kupiga makofi, Apio naye akapokea, na Okot akainuka. Alicheza kwa miguu midogomidogo, viwiko vimeinuka, kichwa kikienda mbele na kurudi. Akacheka. Sikuwa nimewahi kuyaona meno yake. Kila mtu uani alikuwa na furaha isipokuwa mimi na Wafula, ambao tulikuwa tunahesabu: amevaa, amecheka, amecheza. Limebaki moja.

Haikupita juma. Asubuhi tulikuta majerikeni yamejaa kama kawaida na uwanja umefagiliwa. Kikombe kilikuwa kimeoshwa na kupinduliwa juu ya sweta ya kijani, iliyofuliwa na kukunjwa vizuri. Na Okot hakuwapo, wala kwenye baraza ya duka, wala chemchemini, wala popote.

"Nilikwambia," Wafula alisema.

Mama hakumgombeza. Aliiokota ile sweta, baadaye akaikata kuwa vishikio vya sufuria, navyo vilidumu kuliko serikali iliyoishona. Siku iliyofuata alifunga leso kiunoni, akachukua jerikeni, tukashuka pamoja bondeni. Kwenye foleni hakujipanga mbele. Alisimama nyuma yangu. Wavulana walimtazama, naye akawatazama. Akafanya hivyo mpaka nilipofikia urefu wa kusimama peke yangu, na kila siku aliyosimama pale chapati zake zilichelewa, na wateja wakalalamika, na yeye akawaambia wangoje. Nilimpenda Okot kwa kusimama pale. Mama sikuwahi kumwambia kitu, kwa sababu mtoto huona mama ni kama mlango wa nyumba, upo tu.

Mavuno yaliyofuata, Mama Apio alikuja hotelini amebeba gunia kichwani, lililotoka kaskazini kwa basi. Lilijaa simsim, ufuta wa kwao. Okot alikuwa amefika kwao. Kumbe alikuwa na mke na watoto waliodhani amekufa. Kumbe siku zote zile alitaka kwenda asiweze, kwa sababu kila kizuizi barabarani kingemwuliza sweta ile aliipata wapi, na hata kama wangempitisha, aliondoka nyumbani na buti na kofia, angerudije na goti nje? Mama Apio alitupa salamu zake kama alivyozipokea: "Mwambie mama ya chapati, nguo ilifika."

Mama aliketi kwenye lile gunia. Alicheka na kulia kwa wakati mmoja, nami ndipo nilipojua hobi anakokwenda. Anakwenda kwao. Nilikimbia kumwambia Bibi Doroti, na akanifanya nirudie mara mbili. Alisema vilima vyote vya kwao vimekuwa vikijiuliza swali hilo kwa muda mrefu sana.

Siku hizi nyumba ya Bibi Doroti haipo; pamesimama ghorofa zenye madirisha ya buluu. Yeye tulimzika hapahapa Kampala, na aliyemrithi paka alikuwa Apio. Chemchemi wameijengea, lakini watoto wananunua maji ya chupa. Wanangu wanatazama mizuka kwenye simu, inayotoa damu mpaka puani, huku wakila chipsi bila kupepesa jicho. Niliwasimulia habari za hobi mvua ilipotuzuia ndani. Binti yangu akauliza kwa nini hobi hakudai mkataba. Wa kiume alitaka kujua kama kuna picha. Niliwaambia picha ilikuwa kichwani, na wakanihurumia.

Sisi tulitawanyika. Wafula akawa dereva kweli, anapeleka malori mpaka Juba, na hana taniboi anayempenda. Mimi niko Nairobi. Mama yuko palepale Kyebando, mjane sasa, kibanda kimekuwa chumba cha matofali, na amekataa kuhama. Anavaa leso mbili za zamani na gauni moja lililopauka, na kila Krismasi tulikuwa tunamletea nguo. Vitenge vilivyoshonwa, sweta, viatu laini. Anapokea kwa mikono miwili, anabariki, anaviweka.

Mwaka juzi nilifungua lile sanduku la bati nikitafuta shuka. Zote zilikuwamo. Kila kitenge na mkunjo wake wa dukani, miaka na miaka ya Krismasi, juu yake vidonge vya kuzuia nondo. Nikamwita, nikamwuliza kwa hasira kidogo mbona havai.

Mama alikuja akasimama mlangoni, akalitazama sanduku, akanitazama mimi. "Wewe nilikununulia sketi ya buluu ya shule ya bweni," alisema. "Ulivaa, ukacheka, ukajizungusha hapo uani. Ukaenda. Wafula nikamshonea suti. Akavaa, akacheka, akaenda." Akalifunga sanduku polepole. "Nyinyi wenyewe ndio mliniambia. Hobi hapewi nguo. Niacheni kwanza na matambara yangu, bado nina kazi."

Kisha akacheka, kicheko kilekile cha juu ya gunia la unga, nami nikacheka naye, mpaka nikahitaji leso yake kujifuta.

Sasa nikienda Kyebando sichukui nguo. Nachukua unga wa uji. Asubuhi naamka kabla yake, nachota maji bombani, nafagia uwanja kwa mistari, najaza kile kikombe cha bati na kukifunika kwa sahani. Nakiweka kwenye kizingiti cha nyuma, pale anapopenda kuketi jua likichomoza. Halafu naingia ndani, nisimtazame akinywa.